Siku Niliyomsimamisha Mwanasha Uwanjani

Nyinyi vijana mnaopiga picha kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika muhogo wa kukaanga, hebu wekeni muhogo chini kidogo mnisikilize. Nimepiga picha Ukunda, Diani na Msambweni tangu nikiwa msichana hadi magoti yalipokataa kuniinua. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuchekwa na watu wengi kwa mara moja kama siku ya kwanza nilipopiga picha mechi ya mpira wa kikapu ya chuo. Nilichekwa na timu zote mbili. Refa alicheka mpaka filimbi ikamponyoka mdomoni. Na mimi Rehema, mwanamke wa miaka hamsini na tisa mwenye jina lake, nilicheka kuliko wote, ingawa hicho kicheko changu kilichelewa kidogo kufika.

Kwanza mjue kazi yangu ilikuwa ipi. Mimi nilikuwa mpiga picha wa wanawake. Harusi zetu mnazijua: siku ya kupamba, bibi harusi anapoonyeshwa kwa wanawake wenzake, mwanamume haingii, hata awe ndugu, hata awe amekuja kutengeneza jenereta. Wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza chakacha kwa raha zao, na mwenye kamera ni mimi peke yangu. Simu zinakusanywa mlangoni ndani ya beseni. Picha zikitoka zinakwenda kwa wenyewe, na hakuna mwanamume aliyewahi kuiona hata moja kupitia mkono wangu. Hilo ndilo lililonipa jina.

Na ndani ya harusi mwenye amri nilikuwa mimi. "Simama hapo hapo, mwanangu. Nitazame mimi. Kidevu juu." Mabibi harusi wanatii, mama zao wanatii, hata vikongwe waliobakiwa na meno mawili wanatii na kuyaonyesha yote mawili. Kuanzia Kona ya Musa mpaka Msambweni, kila msichana aliyewahi kuvishwa gauni la kumetameta akaambiwa asipepese macho aliijua sauti yangu. Ikumbukeni sauti hiyo, maana ndiyo iliyoleta balaa.

Msambweni kuna mama mmoja, Bi Mwanatumu. Binti zake wote niliwapiga picha walipoolewa. Mmoja wao ndiye aliyemzaa Mwanasha, na Mwanasha alilelewa na huyo bibi yake tangu akiwa mdogo. Akakua, akaja kusomea mambo ya hoteli katika chuo kimoja hapa Ukunda, na huko akawa nahodha wa timu ya wasichana ya kikapu. Timu ikaalikwa mashindano Nakuru, wiki nzima. Bi Mwanatumu akasema hapana.

Mwanasha akaja kwangu uso umemvimba.

"Shikamoo, Bi Rehema."

"Marahaba, mwanangu. Umeumwa na nyuki?"

"Bibi amekataa nisiende Nakuru. Watu wamemjaza maneno. Wamemwambia wasichana wa mpira wanavaa nusu uchi, na wakiitwa na mtu mzima hawasemi abee, wanageuza shingo tu. Nikamwambia, basi bibi njoo utazame mwenyewe. Akasema yeye na jua la saa tisa hawapatani. Mwisho akasema, Rehema akaone, aniletee picha."

Nilimpigia simu Bi Mwanatumu nisikie kwa masikio yangu.

"Ulete zote," akaniambia. "Usinichagulie nzuri nzuri. Nyinyi wapiga picha nawajua, mnaficha vitambi. Nitakachokiona ndicho nitakachokikatia shauri."

"Nitaleta zote, Bi Mwanatumu."

"Niapie."

Nikaapa. Wanangu, msiape kabla hamjauona uwanja.

Mechi iliyobaki kabla ya safari ilikuwa moja tu, Jumamosi, na wageni walikuwa chuo cha ng'ambo ya kivuko. Mpira wa kikapu nilikuwa sijawahi kuutazama hata siku moja. Lakini nilijipa moyo. Nilijiambia hao ni wasichana kumi na mpira mmoja, na mimi nimekwisha kupiga picha wasichana mia mbili na keki moja, tena keki imeegemea upande. Nikavaa dera jipya, nikajifukiza udi, nikatia viatu vyenye kisigino, nikachukua kamera na ile taa yangu kubwa ya harusi. Nilipoingia uwanjani mlinzi aliniuliza bibi harusi yuko wapi.

Kocha wao alikuwa kijana wa bara, jina lake Wafula, mrefu, mwenye haraka hata akiwa amesimama, na kila mama kwake ni mathe.

"Mathe, hapo chini ya kikapu si poa. Utagongwa."

"Kwenu hakuna shikamoo?"

Akasimama wima. "Shikamoo, mathe."

"Marahaba. Sasa nikae wapi?"

"Popote, mathe, bora si hapo."

Nikabaki hapo hapo. Katika harusi mpiga picha anasimama pua kwa pua na bibi harusi, na hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo. Filimbi ikalia, wasichana wakaja kwangu mbio wote kumi, na nikagundua kwamba dera jipya linaweza kukimbia kwa kisigino kuliko nilivyodhani. Niliishia nyuma ya benchi. Nikapiga picha ya kwanza na ile taa ikawaka. Refa akasimamisha mchezo, akanijia taratibu, akaniomba kwa adabu nizime jua langu kwa sababu wachezaji hawaoni kikapu.

Basi nikazima. Nikavua viatu pia. Nikapiga, nikapiga tena, na kila nikipiga nainamisha macho kwenye kioo cha kamera nione imetokaje. Wakati nimeinama nasikia watu wamepaza sauti: kikapu kimeingia, nami sikukiona. Nikiinua macho, wamekwisha kuhamia upande wa pili. Mara nne, wanangu. Na hizo nilizopata, msiniulize. Nilikuwa na kiwiko. Nilikuwa na mgongo wa refa. Nilikuwa na kikapu kitupu kimetulia vizuri sana, maana ndicho peke yake kilichokuwa hakikimbii. Mwanasha mwenyewe alikuwa ukungu wa buluu unaopita. Hofu ikaanza kunipanda. Hizi ndizo picha za kumpeleka mtoto wa watu Nakuru?

Hapo ndipo Mwanasha alipopokonya mpira katikati ya uwanja, akatoka nao peke yake. Mbele yake hapakuwa na mtu. Anakuja upande wangu, mtandio wake wa buluu umefungwa vizuri, uso unang'aa kwa furaha, mwanga wa jua umemwangukia sawasawa. Picha ya ajabu. Na anakimbia, na mimi najua itatoka ukungu. Kabla sijafikiri, ile sauti ya miaka yote ikanitoka kifuani.

"Mwanasha mwanangu, simama hapo hapo! Nitazame!"

Na Mwanasha akasimama.

Alisimama kwa miguu yote miwili. Akaukumbatia mpira kifuani. Akajitengeneza mtandio, akainua kidevu, akanitazama, akatabasamu kwa meno yote kama alivyotabasamu akiwa na miaka sita kwenye harusi ya mama yake mdogo. Nikabonyeza. Ikatoka safi kabisa. Kisha msichana wa timu ya wageni akafika kwa nyuma, akauchukua mpira mikononi mwake kwa upole, hata hakulazimika kuunyakua, akaenda zake upande wa pili akafunga.

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Kocha Wafula aliketi chini akajifunika taulo usoni. Alipolitoa akaniuliza, "Mathe, kwani wewe ni wa timu gani?"

Na Mwanasha, huku ameshika kichwa, anamwambia kocha wake, "Samahani, Kocha. Aliniita."

Wakati wa mapumziko nilikaa chini ya mwarobaini, viatu mapajani, sijui nicheke au nilie. Mwanasha akaja na chupa ya maji.

"Bi Rehema, ile imetoka?"

"Imetoka vizuri kuliko ya harusi ya mama yako."

Akapasuka kicheko, kisha kicheko kikamkauka. "Bibi akiiona hiyo atasema mpira wenyewe ni upuuzi, na mimi sina akili. Sitakwenda."

"Nimeapa kupeleka zote, mwanangu."

"Najua," akasema. Hakuniomba niifiche. Laiti angeniomba, pengine ningeifuta pale pale, na leo nisingekuwa na hadithi.

Lakini kuna jambo lililonishika mkono. Aliyenifundisha kazi ni marehemu Mzee Salim, mwenye studio Ukunda, enzi za filamu. Mwezi wangu wa kwanza alinituma harusi ya Kinondo peke yangu. Nikapiga tangu asubuhi mpaka alasiri, najiona bingwa, kumbe filamu sikuinasa vizuri, haikusogea hata hatua moja. Nilirudi na harusi nzima ndani ya kichwa changu na si kwingine. Nilimwomba Mzee Salim awaambie kwamba kamera iliharibika. Akasema, "Kosa ni lako, lipeleke kwa miguu yako mwenyewe." Nikaenda, nikawaambia ukweli. Mama wa bibi harusi akaita majirani, bibi harusi akavishwa upya, wakapika pilau upya, wakacheza mpaka jua likazama. Wanawake wa Kinondo wanasema ile ya pili ndiyo ilikuwa harusi. Tangu hapo sikuficha tena picha mbaya.

Na pale chini ya mwarobaini nikamkumbuka Mzee Salim kwa neno jingine. Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita tu, na wanawake wakicheza chakacha huwezi kuwasimamisha. Yeye hakuruhusiwa kuingia kuniongoza, kwa hivyo alinifundisha nje ya ukuta, kwa sikio. Tukikaa uani tunasikiliza ngoma ya harusi ya jirani, ananiambia, "Usimkimbize mtu kwa jicho, isikilize ngoma. Ngoma ikikata, mwili unabaki hewani. Hapo ndipo pako." Nikafumba macho. Wasichana walikuwa wakijinyoosha, mpira unadunda kwenye saruji: du, du, du, du. Halafu kimya. Halafu kamba za kikapu zikatikisika. Nikarudia kusikiliza. Du, du, du, kimya. Nilitaka kumkumbatia mtu, na aliyekuwa karibu alikuwa refa.

Basi yashikeni haya, ndiyo niliyoyapata kipindi cha pili. Kaa chini, pembeni ya mstari wa nyuma, viwiko vimebanwa mbavuni. Jua liwe mgongoni mwako. Usimlenge mchezaji, atakuchosha. Lenga mahali, pale anapopenda kurukia, ulainishe kidole, ungoje. Macho yote mawili wazi, ili umwone anayekuja kukukanyaga. Kioo cha kamera usikitazame kabisa, picha haiozi, utaikuta. Na mpira ukiacha kudunda, usifikiri. Bonyeza.

Du, du, du, kimya. Nikabonyeza. Mwanasha hewani, mikono mirefu ya fulana imenyooka, suruali ndefu, mtandio haujasogea, vidole vimefunguka, na chini ya viatu vyake unaiona saruji iko mbali. Nikajikuta nacheka peke yangu pale chini. Du, du, kimya. Nikapata nyingine. Nikapata wawili wamegongana hewani nyuso zimekunjamana kwa kicheko. Nilikuwa mtoto tena. Nilikuwa na kazi mpya katika kazi ya zamani, na laiti magoti yangeniruhusu ningerukaruka nami. Msichana mmoja wa wageni alinikanyaga kidole gumba, nikamwambia asante.

Walishindwa kwa alama mbili. Ndiyo, kikapu kile kile nilichowapa wageni. Kocha Wafula alikusanya mipira yake. Kisha akasema, "Shikamoo, mathe," akaenda zake.

Nilizisafisha Kona ya Musa. Vijana wa pale bado wanasema kusafisha picha, ingawa siku hizi hakuna maji wala dawa. Mia mbili na kumi na moja. Ile ya Mwanasha amesimama niliiweka chini kabisa ya bunda. Niliapa kuleta zote, mpangilio sikuuapia.

Bi Mwanatumu nilimkuta barazani anachambua kunde.

"Shikamoo, Bi Mwanatumu."

"Marahaba. Umeleta zote?"

"Zote."

Akasogeza ungo, akavaa miwani, akashika ya kwanza.

"Hiki ni nini?"

"Kiwiko."

"Cha Mwanasha?"

"Cha refa."

Akachukua nyingine. "Na huyu ana kichwa?"

"Anacho, ni mimi niliyemkata."

"Maskini." Akaendelea. "Kiwiko hiki nimekwisha kukiona."

"Hicho ni kingine, Bi Mwanatumu."

Tukafika za kipindi cha pili. Aliisogeza ile ya Mwanasha hewani karibu na pua, kisha mbali, kisha karibu tena.

"Ameruka hivi mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na nguo ni hizi hizi kila siku?"

"Hizi hizi. Niliuliza."

Akaiweka kando, juu ya leso yake safi, na mimi nikaanza kutumaini. Lakini akasema, "Anaruka. Nimeona anaruka. Mbuzi pia anaruka. Mimi ninachotaka kujua ni akirudi huko atakuwa mtoto yule yule niliyemlea." Akaendelea kufunua moja moja mpaka bunda likaisha na ile ya mwisho ikabaki mkononi mwake.

Mwanasha amesimama katikati ya uwanja, mpira kifuani, kidevu juu, anatabasamu. Nyuma yake kila kitu ni ukungu wa miguu na mikono, na mkono mmoja wa mgeni unafika begani.

"Hapa wanafanya nini?"

Nikamweleza. Sikupunguza kitu. Nikamwambia kosa ni langu na asimhukumu mtoto.

"Alikuwa anakwenda kufunga?"

"Peke yake. Hapakuwa na mtu mbele."

"Ukamwita."

"Nikamwita."

"Akasimama."

"Akasimama. Akajitengeneza na mtandio."

Bi Mwanatumu akaishusha picha mapajani. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko kinatafuta njia, na kilipoipata kikaangusha ungo na kunde zikamwagika baraza nzima. Alicheka akajishika mbavu, akafuta macho kwa leso, akaitazama tena picha, akaanza upya. Nami nikacheka naye mpaka jirani akachungulia ukutani.

"Makelele yote hayo," akasema alipopata pumzi, "na wamemzunguka hivyo, na akiitwa na mtu mzima anasimama. Wao wananiambia mpira umemtoa adabu." Kisha akawa makini. "Walishinda?"

"Walishindwa, kwa kikapu hicho hicho."

"La haula." Akaifuta picha vumbi ambalo halikuwepo. "Aende Nakuru. Lakini mfikishie maneno yangu, Rehema. Akiwa ndani ya mchezo asisimame akiitwa. Hata nikimwita mimi. Aniitikie ukiisha." Machozi yalinitoka pale barazani, na sioni haya kuyasema.

Siku ya safari Bi Mwanatumu alikuja mwenyewe kutoka Msambweni na buibui lake la Idi. Wasichana walikuwa wakipanda basi, Mwanasha wa mwisho kwa sababu ndiye nahodha. Bi Mwanatumu akamwacha aage, ashike begi, atie mguu wa kwanza ngazini. Ndipo akaita, kwa ile sauti yake ya nyumbani.

"Mwanasha."

Mguu ukaganda. Wenzake madirishani wakanyamaza, Kocha Wafula akashika kichwa, na mimi nikainua kamera, maana kimya cha namna hiyo nakijua. Mabega ya Mwanasha yakatikisika kama ya bibi yake. Akapanda, akaingia ndani bila kugeuka. Nikabonyeza. Picha yenyewe ni ya mgongo, begi na kisigino cha kiatu, tena imetikisika kidogo, nayo ndiyo niliyoitundika sebuleni juu ya mabibi harusi wote.

Bi Mwanatumu alikuwa anatabasamu peke yake. Dirisha la basi likafunguliwa, mtandio wa buluu ukachomoza.

"Abee, bibi."